Ndege wa Chuma wa Mama Honorina

Ukelele ulitoka chumbani kwa Mama Jacira saa nne na robo asubuhi, na kabla haujakatika, watu wote kumi na tisa waliokuwa ndani ya nyumba ile ya ibada ya orisha, miungu waliovuka bahari na watumwa kutoka Afrika, walikwisha kujua maana yake. Hakuna aliyeuliza kuna nini. Shangazi Pombinha, bibi wa miaka themanini aliyekuwa jikoni akimenya njugu za kuchemsha, aliweka bakuli chini, akagusa sakafu kwa ncha za vidole, akasema:

"Kashafika."

Inspekta Dalva Sacramento alikimbia. Alivuka ukumbi wa ngoma, akaingia ujiani, mlango wa mwisho kushoto. Koplo wake, Bira, ambaye kama askari wote wa Salvador alimwita mkubwa wake Dokta, alikuwa amesimama mbele ya kiti alichokalia tangu alfajiri, uso umemkauka, mkono ameushindilia kwenye mfuko wa shati anamoweka Zaburi yake ya tisini na moja.

"Dokta, naapa sijabanduka hapa. Hata haja ndogo sijaenda!"

"Nani yuko ndani?"

"Mgonjwa peke yake." Bira alionyesha mlango kwa kidole. "Yeye na hicho."

Mama Jacira alikuwa amejibana kwenye kona ya kitanda, magoti kifuani, mbali na mto wake kadiri ukuta ulivyomruhusu. Alikuwa na miaka thelathini na minne, ila asubuhi ile ungempa hamsini. Mto ulikuwa umepinduka. Chini yake palikuwa na kitambaa cheupe kilichofunguka, na juu ya kitambaa, ndege.

Alikuwa ndege wa chuma, hazidi kiganja cha mtu mzima, mabawa ameyabana, shingo imeelekea kushoto kana kwamba kuna mtu amemwita.

"Nilihisi kitu kigumu chini ya shavu," alisema Jacira. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimelalia, Dalva. Sijui tangu saa ngapi. Nimemlalia."

Dalva alimtazama ndege. Alikuwa akifikiria selo namba mbili kituoni, ambako tangu jana jioni alikuwa amemfungia Gildásio, mpwa wa marehemu Mama Honorina, huku akiwaambia watu wa nyumba hii, kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba leo walale usingizi.

Alhamisi saba. Ya kwanza ilikuwa mwanzoni mwa Mei: tawi moja la chuma lilikutwa langoni, limefungwa kwenye kitambaa cheupe kilichopigwa wanga. Ya pili, kisimani. Ya tatu, ukumbini, katikati ya ngoma. Ya nne ikawa mlango wa jiko, ya tano ujiani, na wiki iliyopita, ya sita, kwenye kizingiti cha chumba hiki. Kila Alhamisi, siku ya Osaim, orisha mwenye majani yote, kile chuma kilisogea hatua chache kuelekea kitanda. Na kila mtu anajua chuma cha Osaim kina matawi sita na ndege katikati. Hapakuhitajika mwalimu wa hesabu.

Tatizo ni kwamba chuma kile kilikuwa cha Mama Honorina, aliyeiongoza nyumba miaka arobaini na mmoja na kufariki Novemba. Baada ya mazishi, vitu vyake viliulizwa kimoja kimoja kwa kete za kauri: unabaki au unakwenda naye? Chuma cha Osaim kilijibu kinakwenda naye. Kikafungwa kwenye mzigo wa marehemu, kikapelekwa baharini kabla ya jua kuchomoza. Wanaume wawili walikibeba: Gildásio na mzee Leovigildo, mchinjaji wa nyumba. Kitu kilichokwenda na maiti hakirudi. Kikirudi, basi kimekuja kuchukua mtu.

Na kweli mtu alikuwa akichukuliwa. Jacira, ambaye kauri zilimpa kiti cha marehemu, alianza kudhoofu mwezi huo huo wa Mei. Kutapika, kizunguzungu, moyo unapiga kwa kujikongoja. Daktari wa zahanati alisema ni wasiwasi.

"Twende hospitali," Dalva alimwambia. "Sasa hivi."

"Nimeshakwambia. Nikitoka kwa mlango ule kabla jua halijatua watasema mama wa nyumba amekimbia. Nyumba isiyo na mama ni kiwanja, na Gildásio ana mnunuzi tayari." Alipangusa macho. "Halafu, Oxum mwenyewe ameshaanza kuniita. Nakuona wewe wa manjano. Ukuta wa manjano. Shuka hili jeupe nalo la manjano."

Wanawake waliokuwa wamejazana mlangoni walishtuka. Manjano ni rangi ya Oxum, orisha wa maji matamu, na Jacira ni mtoto wa Oxum. Mmoja wao alianza kulia kwa kwikwi.

"Tokeni," alisema Dalva. "Wote. Bira, mwite dereva wa gari la wagonjwa aje asubiri langoni. Akiuliza ni la nini, mwambie ni langu."

Alichuchumaa. Alivaa glavu. Nyanya yake alikuwa ameuza akara, vile vitumbua vya kunde, nje ya lango hili hili, naye Dalva alikulia akiambiwa kuna vitu havishikwi. Akamshika, akamgeuza.

Chini ya miguu ya ndege palikuwa na kishina alipokatwa. Mwili mzima wa chuma ulikuwa mweusi kwa mafuta ya zamani, lakini pale palipokatwa palikuwa peupe, panang'aa kama jino, kutu ikianza tu ukingoni.

Dalva alitazama dirishani. Mvua ya Juni ilikuwa ikinyesha siku ya nne mfululizo, na bahari iko mtaa wa pili. Katika hewa hii msumari unalala mpya, unaamka na kutu. Chuma hiki kilikatwa kwa msumeno jana usiku, si zaidi. Na hakikuwa na shimo hata moja la kuliwa na chumvi. Miezi saba baharini kingekuwa kimetafunwa kama biskuti.

"Hujawahi kuonja bahari wewe," alimnong'oneza ndege.

*

Mzee Leovigildo alikuwa amekaa peke yake ukumbini, kando ya ngoma tatu zilizovishwa vitambaa. Alikuwa na miaka sabini na sita, mrefu, mikono mikubwa ya mchinjaji imelala mapajani kama vyombo vilivyooshwa. Aliposikia hatua za Dalva hakuinua kichwa.

"Mzee wangu, shikamoo yako nitaitoa baadaye. Niambie kuhusu asubuhi ile ya baharini."

"Nilishakwambia, binti. Tulikwenda, tukaacha, tukarudi."

"Nani alishusha mzigo?"

"Mimi. Mimi ndiye mkubwa."

"Na Gildásio?"

"Alikuwa ameshageuka. Ndivyo inavyotakiwa. Anayeshusha anashusha, mwenzake anageuza mgongo, halafu mnaondoka bila kutazama nyuma mpaka mlangoni."

Jana, kituoni, Gildásio alikuwa amesema maneno hayo hayo huku akipiga meza: Sikutazama nyuma! Wewe ungetazama? Na Dalva alikuwa amemchukulia mwongo, kwa sababu ni mtu wa mashati ya kung'aa na simu mbili. Mashahidi wawili wa jambo moja, na mmoja hakuona chochote kwa kuwa alikuwa na adabu.

"Kwa hiyo mzee, ulimwenguni pote ni macho yako tu yaliyoona chuma kile kikiingia majini."

Leovigildo alizitazama ngoma.

"Kimekatwa jana, mzee. Hakina chumvi. Jacira anakufa mle ndani, na siyo mwaka kesho. Anakufa leo."

Mzee aliinua kichwa.

"Kila Jumapili Honorina alikuwa akininyoa ndevu," alisema. "Miaka arobaini. Watu wote mnajua, mnajifanya hamjui. Mzigo wote nilishusha, binti, naapa kwa Ogum. Sahani zake, shanga zake, vyote. Kile chuma tu... Mwenzangu alipogeuka nikakitia ndani ya koti. Nikasema, kitu kimoja tu nibaki nacho. Nikakiweka kwenye sanduku chini ya kitanda."

"Na kilitoka lini sandukuni?"

"Baada ya Pasaka nilifungua, sanduku tupu. Nikajua amekuja kukichukua mwenyewe. Nilimnyima kitu chake, sasa amekasirika, anamchukua mtoto badala yangu." Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, kwenye ndevu ambazo hazikunyolewa vizuri. "Kila Alhamisi nasema leo nitasema. Nitaanzaje? Watanitupa nje kama mbwa."

"Nani anaingia chumbani kwako?"

"Hakuna. Mimi ni mjane asiye na ndoa, nani aje?" Alifikiri. "Watu wa nyumba tu. Wanaoleta chakula, wanaofua."

"Nani anafua?"

Lakini mlangoni Bira alikuwa akimwashiria kwa nguvu, na Dalva alimwacha mzee na swali lake hewani.

"Dokta, wameingia chumbani wanawake watano tangu saa kumi na mbili. Nimeandika." Bira alisoma kwenye karatasi iliyolowa jasho. "Watatu hawa wasichana wa usafi. Shangazi Pombinha, kuomba. Na Bi Nilzete, mama mdogo, yule msaidizi wa kiti, chai na mashuka. Mwanamume hakuna hata mmoja. Na wote watano uliwapekua wewe mwenyewe langoni. Nyumba tulipindua jana usiku mpaka chini ya majiko." Alishusha sauti. "Kwa hiyo hakijaingia na mtu. Dokta, mimi ni mlokole, haya mambo siyaamini. Lakini siyaamini nikiwa nyumbani kwangu."

Dalva alisimama katikati ya ukumbi. Alijiona upya langoni alfajiri, mvua inamchuruzika shingoni: mikono yake ikipita kwenye blauzi, viunoni, kwenye marinda ya sketi na sketi za ndani, mpaka kwenye viatu. Alikuwa amepekua vizuri. Kila mwanamke alipekuliwa kuanzia shingoni kwenda chini.

Kuanzia shingoni.

Hakuna mtoto wa Salvador aliyelelewa karibu na ngoma atakayetia mkono kwenye kichwa kilichowekwa wakfu. Kichwa ni cha orisha. Mama yako mzazi hakigusi. Wala halikumpitia wazo. Mkono wake wenyewe ulikuwa umejua mpaka ulipo. Na aliyeingiza ndege alijua kwamba inspekta, mjukuu wa muuza akara, ana adabu.

"Wasichana watatu wamevaa vitambaa vya namna gani kichwani?"

"Vile vya kubana, Dokta. Hata sarafu haifichiki."

"Na wazee wawili?"

Bira alifikiri, macho yakamtoka. "Vilemba," alisema.

*

Shangazi Pombinha alikuwa amerudi kwenye njugu zake. Kilemba chake kilikuwa kirefu, cha kukunjwa mara tatu, kimemuegemea upande kama jengo la zamani. Alipomwona Dalva anakitazama, aliguna.

"Tazama tu. Nikianguka nacho wanazika watu wawili."

"Shangazi, asubuhi hii ulivaa hiki hiki?"

"Mwanangu, kufunga hiki kwanifanya niamke saa tisa. Unadhani nafunga mara mbili kwa siku? Mimi siyo Nilzete."

"Nilzete kafanya nini?"

Bibi alisogea mbele kwenye kigoda. Hapo ndipo uso wake ulipopata nuru. Hofu ni hofu, lakini umbea ni chakula.

"Kaja alfajiri na kilemba kama keki ya harusi. Mabawa mawili! Nikasema loo, leo mama mdogo kajipamba, anadhani kiti kishakuwa wazi? Maana unajua alivyovimba kauri zilipompa Jacira. Miaka ishirini na sita ni mkono wa kulia wa marehemu, kila mtu anamwita mama mtarajiwa, halafu kauri zinamwendea mtoto wa juzi. Akasema sawa, mapenzi ya orisha. Sawa ya meno! Basi, saa nne kasoro namwona hapa jikoni, keki hakuna, amejifunga kitambaa cha kwenda sokoni. Nikamuuliza, wewe, umeshushwa cheo saa ngapi? Kanipita kama mlingoti."

"Kile cha kwanza kiko wapi?"

Bibi alionyesha kwa kidevu. Chini ya karo la kufulia, uani, palikuwa na beseni lenye mfuniko. Dalva alilifunua. Kitambaa cheupe, kirefu, kimelowekwa; na juu ya maji, maganda ya ndimu yaliyokamuliwa. Alichovya kidole, akakigusa kwenye ulimi. Chumvi.

Ndimu na chumvi. Kila mfuaji katika jiji hili anajua ni dawa ya doa moja tu, na doa hilo si la damu wala la mafuta ya mawese. Alikivuta kitambaa, akakitandaza kwenye mvua. Katikati palikuwa na alama ya rangi ya udongo ambayo ndimu ilikuwa haijaimaliza: shingo, bawa, bawa. Chuma chenye kidonda kibichi, kitambaa kilicholowa mvua kutoka mtaani mpaka langoni. Kutu ilikuwa imepiga picha.

"Anayemfulia mzee Leovigildo ni nani, shangazi?"

"Nani mwingine? Nilzete. Kila Jumanne anakwenda chumbani kwake, anapiga pasi mpaka soksi. Ana moyo yule, usimwone vile. Tangu mwenzie augue, chai ya majani asubuhi na jioni hachemshi mtu ila yeye. Dakika hii hii kampelekea..."

Dalva alikuwa ameshatoka.

Ukumbi. Ujia. Miguu yake ilikuwa mizito kama mtu anayekimbia ndotoni. Manjano, alikuwa amesema. Shuka la manjano. Na yeye, inspekta mzima, alikuwa amesikia Oxum. Miaka minane iliyopita, kesi ya mke wa mwokaji, mwanamke alikufa akisema dunia imekuwa ya manjano, na daktari wa maiti alimwambia Dalva: yako majani, mbuzi akiyatafuna asubuhi hafiki jioni, yanausimamisha moyo, na kabla ya hapo yanachezea macho.

Alisukuma mlango.

Nilzete alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mwanamke mnene, mtulivu, wa miaka hamsini na kitu, mkono mmoja umeshika bega la Jacira, mwingine umeinua kikombe. Midomo ya Jacira ilikuwa imegusa kingo.

"Usinywe!"

Jacira aliganda. Nilzete aligeuza shingo polepole.

"Inspekta, unamshtua mgonjwa."

"Nipe hicho kikombe, mama mdogo."

"Hii? Imeshapoa hata hivyo." Na bila haraka, kama mtu anayemwaga maji ya kunawia, alinyoosha mkono akakimimina dirishani. Mvua ilipokea. "Nitachemsha nyingine."

Walitazamana. Ujiani watu walikuwa wameanza kujaa. Dalva alisikia pumzi zao mgongoni.

"Simama," alisema. "Nyosha mikono."

Nilzete alisimama. Dalva alimpekua mikono, kifua, marinda, viatu. Hakupata kitu. Jikoni Bira alikuwa ameshapekua jana usiku, kila mkebe, kila kichupa. Chai imekwenda na mvua. Kilemba chenye doa kingeonyesha mtu aliyebeba ndege, na kubeba ndege si kuua. Mwanamke huyu angetoka kwa mlango huu, na majani yaliyobaki angeyapeleka chooni, na Jumapili wangemzika Jacira na kusema Honorina amemchukua.

Lakini alikuwa akichemsha chai humu ndani mara mbili kwa siku, na majani hayakukutwa mahali popote. Alikuwa akiyabeba.

Dalva alikiangalia kile kitambaa cha sokoni. Kilifungwa chini, kimebana; lakini nyuma, juu ya kisogo, palikuwa na uvimbe mdogo.

"Fungua kitambaa," alisema.

Ujiani wanawake walishika vichwa vyao.

"Kichwa changu?" Nilzete alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Kichwa hiki kiliwekwa na Honorina kwa mikono yake, miaka ishirini na sita. Mimi ni mtoto wa Osaim. Nani atakayenigusa, Dalva? Wewe? Nyanya yako angesemaje?"

"Dokta, niache mimi," alisema Bira, akapiga hatua.

"Wewe mlokole, thubutu uone!" Sauti ilitoka kwa Shangazi Pombinha, na nyuma yake wanawake wakaguna, wakasogea, wakauziba mlango. Si kwamba walimpenda Nilzete. Ila kuna vitu havifanywi ndani ya nyumba hii, hata kama nyumba inaungua.

Dalva aliinua mkono. Ulifika usawa wa bega la Nilzete, ukakwama pale. Aliuamuru, haukusogea. Nilzete aliona, na tabasamu likapanuka. Akachukua kikombe kitupu na kisahani chake, akageuka aondoke.

"Mimi nitamgusa."

Jacira alikuwa ameshuka kitandani. Alisimama kwa kushika ukuta, gauni limemgandamana kwa jasho, macho hayamtulii. Hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Mimi ndiye mama wa nyumba," alisema. "Vichwa vyote humu viko chini ya mkono wangu. Si ndivyo? Mwezi wa tatu kila mtu alipiga magoti nikamwondolea mkono wa marehemu kichwani, ili Honorina apumzike na walio hai waishi. Kila mtu." Alivuta pumzi. "Wewe, dada, ulisema una homa. Mwezi wa nne nikakuita tena, ukasema una msiba. Hukutaka mkono wangu."

Kikombe kilianza kugongana na kisahani.

"Miezi saba, Nilzete. Miezi saba unatembea na mkono wa maiti kichwani. Halafu wewe huyo huyo umekichukua chuma chake, umekikatakata, umekileta humu vipande vipande, umewaambia watu wote Honorina amekuja kuchukua mtu." Jacira aliachia ukuta. "Basi amekuja. Anamchukua nani? Mimi hanijui. Mimi mkono wake nilishaondolewa, haunigusi."

Ukumbini ngoma moja ilitoa mlio. Mmoja tu, mzito. Huenda ilikuwa ngozi iliyolegea kwa unyevu. Dalva angeandika hivyo kwenye ripoti. Lakini pale mlangoni hakuna aliyepumua, na uso wa Nilzete ulibadilika rangi, ukawa wa majivu, kana kwamba kuna mtu amemwita kwa jina kutoka nyuma.

Hakutazama nyuma.

Jacira alipiga hatua, mkono umenyooka. Ya pili. Nilzete alirudi mpaka kitako chake kikagonga dirisha. Kikombe kikaanguka. Na kabla mkono ule haujamfikia, aliinua mikono yake mwenyewe, akakipasua kitambaa kichwani kama mtu anayeungua. Kifuko kidogo cha karatasi kilidondoka sakafuni, kikafunguka. Majani makavu, membamba, marefu.

Dalva aliyafunika kwa kiganja kabla upepo wa dirishani haujayagusa.

"Bira. Machela, haraka. Na mfuko wa ushahidi."

Nilzete alikuwa amepiga magoti. Kichwa chake wazi, nywele fupi zenye mvi, hakuna aliyewahi kukiona hivyo tangu alipowekwa wakfu.

"Niondolee," alisema. "Jacira. Mama. Niondolee kwanza, halafu wanipeleke wanakotaka. Usiniache niende naye hivi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mama. Jacira alimtazama. Mkono wake ulikuwa bado hewani, juu ya kile kichwa, karibu kugusa. Kisha ulishuka, ukaanguka ubavuni.

"Leo siwezi," alisema. "Nguvu zangu zote zimeisha kwa chai yako."

Akaanza kuanguka, na mzee Leovigildo, aliyekuwa amejipenyeza mpaka mbele bila kuonekana, akamdaka kwa mikono yake mikubwa na kumbeba mwenyewe mpaka kwenye gari la wagonjwa.

*

Mtaa mzima ulikuwa nje chini ya miavuli. Walimpisha Nilzete njia pana kuliko ilivyohitajika. Dalva alimtembeza akiwa na pingu, kichwa wazi, mvua inampiga utosini, na kila hatua kumi Nilzete alisema bila sauti neno moja: niondolee.

Bira alifungua mlango wa nyuma wa gari. Miaka kumi na mmoja ya kazi ilikuwa imemfundisha jambo moja ambalo hakulifikiria tena: mshitakiwa anapoingia garini, unamwekea kiganja kichwani asijigonge. Mkono wake uliinuka wenyewe.

Ukasimama hewani.

Bira alimtazama Dalva. Dalva alitazama mvua. Polepole koplo alirudisha mkono mfukoni, kwenye Zaburi yake, na wote wawili wakasubiri mpaka Nilzete alipoinama mwenyewe, chini kabisa, chini kuliko mlango ulivyotaka, kama mtu mwenye kitu kizito juu yake.